Ndoo za Upande wa Jua

Pikipiki ya theluji ilizima kwa mara ya tatu, na safari hii haikukohoa hata kidogo. Gaston alivuta kamba ya kuwashia mpaka bega likamuuma, akatukana kwa Kifaransa, kisha akashuka ili akague mkanda wa injini. Hapo ndipo theluji ilipommeza. Ilikuwa imetandazika mbele yake safi kama shuka lililopigwa pasi, nayo ikamfungukia ghafla, akazama hadi kiunoni, mikono juu, kofia ikimziba jicho moja.

Hélène, mdogo wake, alikuwa bado ameketi nyuma ya pikipiki. Hakupiga kelele. Alivuta pumzi ndefu ya mtu aliyekwisha kuchoshwa na siku ingawa siku yenyewe imefika nusu tu.

"Nilikwambia uvae raketi," alisema.

"Nivute kwanza. Utanihubiria baadaye."

Raketi ni viatu vipana kama nyungo, vya kufunga chini ya buti ili mtu atembee juu ya theluji bila kuzama. Shemeji yao, Marcellin, alikuwa amewawekea jozi mbili mlangoni. Asubuhi ile Gaston alizitazama, akasema yeye ni fundi cherehani, si mchezaji wa tenisi, akaziruka. Hélène alifunga zake. Sasa walikuwa watu wawili, ndani kabisa ya msitu, na jozi moja ya raketi.

Wote wawili walikuwa wakazi wa Johannesburg. Gaston alikuwa na duka la ushonaji ghorofani katikati ya jiji, kwenye jengo kuukuu ambalo chini yake waliuza mablanketi kwa jumla na juu yake kanisa lilipiga ngoma kila Jumatano. Hélène alisuka nywele kwenye saluni mitaa miwili kutoka hapo. Walikuja Quebec mwezi huo wa Machi 2017 kwa sababu ya Célestine, ndugu yao wa katikati, aliyekuwa afanyiwe upasuaji wa tumbo. Célestine na mumewe Marcellin waliwahi kuishi Alexandra, kitongoji cha Johannesburg. Baada ya mashambulizi ya mwaka 2008 dhidi ya wageni waliomba kuhamishiwa nchi nyingine, wakaishia kwenye kijiji hiki cha baridi ambako Marcellin alikodi msitu wa miti ya maple. Kila mwisho wa majira ya baridi alitoboa miti hiyo, akaitundikia ndoo za bati, akakusanya utomvu wake, ambao ni maji matupu yenye utamu wa mbali, na kuuchemsha siku nzima mpaka ukawa mzito na wa kahawia kama asali.

Siku hiyo, siku ya upasuaji, Marcellin alishinda hospitalini. Kabla ya kuondoka alisema waziwazi, "Mkitaka kusaidia, mwageni ndoo za karibu na nyumba. Za kule juu niachieni mimi."

Lakini Gaston alikuwa amekaa wiki nzima akifungiwa zipu ya koti kama mtoto wa chekechea. Yeye, mwenye mafundi watatu chini yake. Alimaliza ndoo za karibu kabla jua halijapanda, akaona zimekuwa rahisi mno, akafunga sleji yenye tangi nyuma ya pikipiki na kuelekea juu. Hélène alikubali kupanda, na kufikia adhuhuri walikuwa wamejaza tangi kwa ndoo za kule juu. Baadaye hilo ndilo lililomkera kuliko yote: kwamba alikubali, kwa kuwa naye alikuwa amechoka kukaa kwenye dirisha la jikoni akitazama weupe.

Alimvuta kaka yake kwa kamba ya sleji. Gaston alitoka akihema, theluji imemjaa mifukoni na shingoni. Mkanda wa injini ulikuwa umekatika vipande viwili, na wa akiba haukuwapo. Simu ya Hélène ilikuwa imezimwa na baridi, ya Gaston iliwaka lakini bila mtandao.

"Tungoje hapa," Hélène alisema. "Marcellin atatutafuta."

"Marcellin yuko na mkewe aliyepasuliwa leo. Unataka amwache kitandani aje kutafuta watu wazima?"

Hélène aligeuka, akatazama njia waliyojia.

"Basi tufuate alama za pikipiki."

"Zile zinazunguka kilima kizima. Kwa miguu ni jioni." Gaston alinyoosha kidole hewani kama mtu anayepima kitambaa. "Marcellin alisema huku ni kaskazini ya nyumba. Kwa hiyo nyumba iko kusini. Saa hizi za mchana jua liko kaskazini. Tukilipa jua mgongo, tutateremka moja kwa moja hadi mlangoni. Njo hivyo tu, ndivyo ilivyo."

Alisema kwa uhakika ule ule aliokuwa nao akimwambia mteja kwamba suruali haijabana. Hélène alihisi kuna kitu hakiko sawa, lakini hakukijua kwa jina. Kwao Lubumbashi, Kongo, walikozaliwa, ndugu mkubwa, awe wa kiume au wa kike, huitwa yaya, na yaya akisema njia, mdogo hufuata.

"Sawa, yaya," alisema, kwa sauti ambayo haikuwa ya kukubali.

Walichukua dumu dogo la maji ya maple na turubai la kufunikia tangi. Hélène alitangulia, akipiga hatua za miguu iliyoachana kama bata, raketi zikikandamiza theluji na kuacha mfereji usio na kina. Gaston alifuata ndani ya mfereji huo, na bado alizama. Hatua mbili zilimbeba, ya tatu ikampeleka hadi gotini, ya nne hadi pajani. Kila mara alitoa mguu mmoja ili azamishe mwingine. Hélène alisimama, akangoja, akatembea, akasimama tena. Jasho lilimtoka mgongoni huku pua ikimganda.

Hatimaye alivunja matawi ya msonobari yenye majani mazito na kumtupia.

"Yafunge miguuni. Wewe ni fundi."

Gaston alitaka kubisha, kisha akaketi. Alitoa kisu, akapasua turubai vipande vyembamba, akayasuka matawi chini ya buti zake kwa mafundo yaliyokaza. Kwa dakika chache mikono yake ilikuwa ile ya dukani, na hakuna aliyelalamika. Aliposimama, matawi yalimshikilia. Alizama hadi kwenye vifundo tu.

"Unaona?" alisema, kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Hélène aligeuka, akaendelea kutembea. Kumwachia wazo hilo kulimgharimu kuliko kutembea.

Walipita katikati ya miti ya maple ambayo bado ilikuwa na ndoo zake. Utomvu ulidondoka ndani yake, na katika ukimya ule kila tone lilisikika. Ndoo nyingi zilikuwa zimejaa hadi kufurika, maji yakitoboa mashimo kwenye theluji. Gaston alichota theluji akaitia mdomoni.

"Acha hiyo. Inakupoza tumbo bure. Kunywa haya."

Alinywa kutoka kwenye dumu, naye Hélène akanywa baada yake. Yalikuwa baridi hadi kuuma meno, yenye utamu mdogo unaokuja mtu akishameza. Alipoteremsha dumu, aliitazama miti iliyokuwa mbele yao, na ndipo akaliona lile lililokuwa likimsumbua.

Kila ndoo iliwaelekea. Mti baada ya mti, hakuna hata mmoja uliowapa mgongo. Alikumbuka siku waliyofika, Marcellin akiwaonyesha jinsi ya kutoboa. Alisema hutoboa upande wa kusini, upande wa jua, ili mti uyeyuke mapema.

"Yaya, simama. Ndoo ziko upande wa kusini wa miti."

"Ndiyo."

"Nasi tunaziona zote kwa mbele. Kama tungekuwa tunakwenda kusini, tungeona migongo ya miti. Tunakwenda kaskazini."

Gaston aliangalia ndoo, akaangalia jua lililokuwa nyuma yake, ambalo sasa lilikuwa limeanza kufunikwa na wingu la rangi ya risasi.

"Marcellin anaweza kusahau alipotundika ndoo. Jua halisahau. Tuende, hali ya hewa inabadilika."

"Gaston."

Hélène alikuwa hajawahi kumwita kwa jina kavu. Gaston alimkazia macho, kisha akampita, akatangulia yeye, miguu yake ya matawi ikifagia theluji kwa hasira. Alikwenda hatua chache tu kuingia kwenye bonde dogo lililo tambarare, na theluji chini yake ikatoa sauti ya mkate mkavu unaovunjwa.

Kulikuwa na kijito chini. Mguu wa kulia uliingia kwenye maji hadi pajani. Gaston hakulia. Alifungua mdomo bila sauti, akajitupa kifudifudi kwenye theluji ngumu. Hélène naye alilala kifudifudi, akamnyooshea dumu, akamvuta kwa nguvu zote mpaka wote wawili wakarudi chini ya mti.

"Vua buti."

"Tukifika nyumbani..."

"Nimesema vua."

Alimvua mwenyewe. Maji yalimwagika kutoka kwenye buti kama kwenye birika. Alikamua soksi, akaona vidole vimepauka rangi ya majivu, vigumu kama sabuni ya kipande. Alifungua koti lake, akainua sweta, akauweka ule mguu kwenye tumbo lake. Ulikuwa baridi kama samaki aliyetoka kwenye friji. Alitaka kumpiga. Alitaka kulia. Aliushika mguu kwa mikono miwili, akangoja.

Theluji ilianza kuanguka, chembe nene zisizo na haraka. Jua lilikuwa limetoweka.

Hélène alimfikiria binti yake, Victoire, aliyebaki Johannesburg kwa jirani. Juzi kwenye simu alimuuliza kwa Kiswahili kama anakula vizuri, naye akajibu kwa Kiingereza kwamba yuko sharp, mzima kabisa, mama asijali. Mtoto huyo hakuwa na mzazi mwingine.

"Nikuulize," alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu huo ulimtisha Gaston kuliko kelele. "Kule dukani kwako, jua la saa sita linaingia dirisha gani?"

"Dirisha la Braamfontein. Unajua hivyo. Linanichujua vitambaa."

"Na Braamfontein iko upande gani wa jiji?"

"Kaskazini."

"Johannesburg, jua la saa sita liko kaskazini kwa sababu sisi tuko chini ya dunia. Hapa tuko juu ya dunia, yaya. Juu kabisa. Hapa jua liko wapi?"

Gaston aliinua macho kwenye wingu, pale jua lilipokuwa. Theluji ilimwangukia kwenye nyusi, wala hakuipangusa.

"Eish," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Kusini."

"Kusini."

"Nimetupeleka kinyume."

Hélène alikuwa amelingoja neno hilo tangu asubuhi, labda tangu utotoni, na sasa halikumfaa kitu. Alifungua kitenge alichojifunga kichwani chini ya kofia, akakivingirisha kwenye mguu wa kaka yake, akaweka glavu yake moja ya ndani juu ya vidole, akaufunika wote kwa kipande cha turubai kabla ya kuurudisha ndani ya buti.

"Sasa unanifuata mimi," alisema. "Nikisema simama, unasimama. Nikisema kaa, unakaa. Sitaki maelezo."

"Sawa."

Nyayo zao zilikuwa zimeanza kujaa. Alitembea akiwa ameinamisha kichwa, akitafuta ndoo. Alipofika kwenye mti alipapasa bati, akageuka, akaipa ndoo mgongo, akaenda moja kwa moja mbele hadi mti uliofuata utokee kwenye weupe. Safari hii kila mti ulimwonyesha mgongo kwanza, na alilazimika kuuzunguka ili ahakikishe. Mara mbili alikuta mti usio na ndoo, akarudi alikotoka, akaanza upya. Nyuma yake Gaston aliburuta mguu. Tawi moja lilikatika na hakusema. Hélène aligundua alipomwona amesimama kwa mguu mmoja, ameshikilia mti, uso umelegea kama wa mtu anayesinzia kanisani.

"Usilale."

"Silali. Napumzika."

"Hakuna kupumzika. Niambie namna ya kukata koti la suti."

"Nini?"

"Niambie. Unaanzia wapi?"

Akamwambia. Alianza na mgongo, akaja mabegani, akaeleza kwa nini mkono hukatwa mwishoni, na kwa nini mafundi wa siku hizi hawajui lolote. Sauti yake ilikatikakatika, lakini ilimfuata nyuma, na kila ilipofifia Hélène aliuliza swali jingine la kijinga makusudi, ili akasirike. Hasira ilimweka macho. Hivyo ndivyo walivyofika tena kwenye pikipiki, wakiwa wamefikia kola, mwanga ukiwa umeanza kuwa wa bluu.

Mguu haukuweza tena kubeba uzito. Hélène aliitazama sleji na tangi lililojaa.

"Fungua mikanda. Tunamwaga."

"Yote? Hélène, hiyo ni kazi ya..."

"Ama maji, ama wewe, yaya."

Gaston alifungua mikanda mwenyewe. Walisukuma pamoja, tangi likapinduka, na maji yote yakaingia kwenye theluji bila kelele, yakiacha shimo la rangi ya chai. Alipanda kwenye sleji, akajikunja chini ya kile kilichobaki cha turubai. Hélène alipitisha kamba kifuani.

Alama za pikipiki hazikuonekana tena. Lakini alikata fimbo na kuichomeka mbele yake. Palipopitwa na pikipiki theluji mpya ilikuwa laini juu, kisha fimbo ikagonga pagumu. Nje ya njia fimbo iliingia yote. Basi alikwenda hivyo, akichoma kushoto, akichoma kulia, akivuta. Kwenye mteremko sleji ilimgonga visigino. Kwenye kilima kidogo ilikataa kabisa, akageuka na kuivuta kinyumenyume, raketi zikikanyagana, akaanguka, akaamka, akaanguka tena. Alilaani kwa Kiswahili, kilipoisha akaingia Kifaransa, nacho kilipoisha akaingia Kizulu cha stendi ya teksi. Gaston, ndani ya turubai, alifika kwenye vifungo.

Taa ziliwakuta hapo. Kwanza mngurumo, kisha miali miwili kati ya miti. Marcellin na jirani yake walikuwa kwenye pikipiki mbili. Alikuwa amerudi kuchukua nguo za Célestine, akakuta jiko limezimika na jozi moja ya raketi mlangoni, akaelewa yote.

Aliruka chini, akamulika uso wa Gaston, kisha wa Hélène.

"Nilisema ndoo za karibu," alisema. "Za karibu tu, shemeji."

Hélène alikuwa anajaribu kuivua kamba kifuani na vidole havikumtii. Marcellin alimfungulia.

Madaktari walimkata Gaston vidole viwili vya mguu. Vingine vilipona kwa maumivu ambayo aliyaeleza kwa kila aliyepita kwenye ukumbi. Upasuaji wa Célestine ulikuwa umekwenda vizuri, na baada ya siku kadhaa walimsukuma Gaston kwa kiti cha magurudumu hadi kando ya kitanda chake. Célestine aliwatazama wote wawili, midomo yao iliyopasuka, mashavu yaliyochubuka.

"Nani alipotea?" aliuliza.

Hélène alifungua mdomo, lakini Gaston alimtangulia.

"Mimi nilipotea. Yeye alikuwa na mimi tu. Nilimpeleka kaskazini nikimwambia ni kusini, aliponikataza nikampita, na bado akanivuta kuelekea nyumbani kama gunia." Alitazama mguu wake uliofungwa. "Ningekufa pale, Célestine, nikiwa na hakika kwamba sijakosea."

Célestine alicheka, akashika mshono wake, akalia kidogo kwa maumivu, akacheka tena. Hélène hakucheka. Alimrekebishia Gaston blanketi magotini, kwa ukali, kama mtu anayepanga vitu kwenye rafu, na mkono wake ukabaki pale gotini kwake.

Kesho yake jua lilitoka na maji ya maple yakaanza tena kudondoka. Marcellin alikuwa na mke na shemeji hospitalini, na ndoo hazingoji mtu. Hélène alijifunga raketi, akahakikisha mikanda mara mbili, akachukua ndoo mbili kubwa akaenda kwenye miti ya karibu na nyumba. Alizama kwenye hatua ya kumi hivi, pale ambapo theluji ilikuwa imelegea kuzunguka shina. Alikaa chini akiwa amezama hadi kiunoni, akautukana msitu mzima, ndoo zake na aliyezitundika. Alipomaliza, alijivuta nje kwa tawi, akajipangusa, akainua kifuniko cha ndoo ya kwanza.

Ilikuwa imejaa. Alimimina, akarudisha kifuniko, akaenda kwenye mti wa pili.